Wakati Ng'ombe Wanarudi

Mkono wangu wa kulia haujasikia kwamba nimestaafu. Huu ni mwaka wa tatu tangu nifunge duka langu la kutengeneza kompyuta pale Nakuru mjini, lakini nikikaa kwenye kiti tu, vidole vinaanza kugonga meza kana kwamba kuna kibodi. Mke wangu aliniambia nikitaka kugonga, nikagonge misumari kwenye banda la ng'ombe. Nikagonga. Banda limekwisha na vidole bado vinacheza.

Ndiyo maana ninawaandikia, nyinyi vijana mlioingia kazi hii juzi. Sisemi nina hekima nyingi. Siwezi kukaa bure, basi, na kuna jambo linanisumbua ambalo nimeona afadhali liwasumbue na nyinyi kidogo. Linahusu kazi ndogo sana, ile ya kuifanya kompyuta ijifungue yenyewe ikiwashwa, bila kumuuliza mwenyewe neno la siri. Ni kazi ya dakika tatu. Mimi ilinichukua mwaka mzima.

Lakini kwanza niwaambie kuhusu Mzee Salim, kwa sababu bila yeye ningekuwa Dundori hadi leo nikichimba viazi. Mzee Salim alikuwa mtu wa Bondeni, wazazi wake walitoka pwani, na kabla ya kompyuta alikuwa akitengeneza taipureta za ofisi na za mashamba ya wazungu waliobaki. Alinichukua nikiwa sijui lolote ila kushika bisibisi. Kiswahili changu cha Dundori kilimfanya ashike sikio. "Kariuki," angesema, "hilo neno umelivunja mguu, lipeleke hospitali." Kisha angelirudia yeye, taratibu, na mimi ningelivunja mguu wa pili.

Shida yangu kubwa haikuwa lugha. Shida yangu ilikuwa haraka. Mteja akiweka mashine mezani, mikono yangu ilikuwa imeshafika kwenye skrubu. Siku moja mwalimu mmoja alikuja na kompyuta yake akaanza, "Fundi, hii mashine haiwaki..." Alipofika hapo mimi nilikuwa nimetoa kifuniko. Akaendelea, "...nikiwa nyumbani. Lakini nimeona hapo kwa jirani yenu inawaka vizuri, kwa hivyo nadhani ni soketi yangu. Nilitaka tu kuuliza kama unamjua fundi wa stima." Tukamwangalia Mzee Salim, mwalimu na mimi, na vipande vya mashine nzima vikiwa vimetandazwa mezani kama maharagwe ya kuchambuliwa.

Mzee Salim hakunifokea. Alivuta kiti akaniambia, "Kaa." Nikakaa. "Sasa kalia mikono." Nilidhani anatania. Akangoja hadi nikaiweka mikono yangu chini ya mapaja, na mwalimu akasimulia shida yake upya, tangu mwanzo, nami nikiwa nimekaa vile, mtu mzima mwenye ndevu. Tangu siku hiyo ilikuwa amri dukani. Mteja akizungumza, Kariuki anakalia mikono. "Msikilize mwenye mashine kwanza," Mzee Salim alizoea kusema, "mashine baadaye. Mashine haina haya, itakuonyesha ugonjwa wake saa yoyote. Mtu ana haya."

Alinipa na amri nyingine, ambayo mimi niliipenda zaidi kwa sababu ilikuwa rahisi. Mtu akikwepa kukutajia neno la siri la mashine aliyoileta, muulize mara mbili mashine ni ya nani. Mji wetu una watu wengi wapitao njia, na laptop ina miguu kuliko mbuzi. Tuliwahi kuletewa za wizi, na mara zote dalili ilikuwa hiyo. Anayeulizwa neno la siri anaangalia chini.

Shikeni amri hizo mbili mkononi, nitazirudia.

Sasa turudi kwa hii kazi ya mashine kujifungua. Siku hizi mnaiandika kwenye kile kisanduku kidogo cha amri, netplwiz, inatokea orodha ya watumiaji, mnaondoa alama kwenye kile kijisanduku kinachosema lazima mtu aandike jina na neno la siri, mnabonyeza, inawauliza neno la siri mara mbili, basi. Mashine mpya nyingi zimeficha hicho kijisanduku, na vijana wananipigia simu wakiniita babu, "Guka, hakiko." Kipo. Nendeni kwanza kwenye mipangilio ya kuingia, mzime kile kinacholazimisha uso, alama ya kidole au namba fupi, kisha mrudi. Mtakikuta kimekaa pale pale.

Na msikilize hii, kwa sababu imewaumiza wengi. Pale inapowauliza neno la siri mara mbili, haikagui kama ni la kweli. Inakagua tu kama yale mawili mliyoandika yanafanana. Ukikosea mara mbili kwa namna moja, inasema sawa, asante, na mteja anafika nyumbani Gilgil ndipo anagundua umemfungia nje. Kwa hivyo izimeni na kuiwasha mteja akiwa amesimama hapo. Halafu kuna kulala. Mashine ikilala na kuamka inaweza kuuliza neno la siri hata kama umeifanya ijifungue ikiwashwa, maana hiyo ni sehemu nyingine ya mipangilio. Fanyeni zote mbili. Na mwambieni mwenyewe ukweli, kwamba neno la siri halijaondoka. Kufuli bado iko mlangoni, ila sasa kuna mtu ndani anayeifungua kila akisikia hodi, na hatauliza ni nani. Mashine ya kubeba barabarani msiifanyie hivyo. Ya kukaa nyumbani, sawa.

Sisi hatukuweza kulitamka lile jina netplwiz. Mzee Salim alilisoma kama "netipuli-wizi," akacheka hadi akakohoa, na kuanzia hapo kazi hiyo ikaitwa dukani kwetu "ile ya wizi." Haikutuletea baraka. Siku moja mama mmoja alikuja akiwa amevaa vizuri, akaeleza anataka mashine yake ijifungue, nami kutoka nyuma ya duka nikapaza sauti, "Mzee, hiyo ni ya wizi?" Mama alichukua laptop yake, akaikumbatia, akashuka ngazi mbio. Hatukumwona tena. Mzee Salim alinisihi tutafute jina jingine. Sikutafuta. Mazoea yana taabu.

Alipofariki, duka likabaki kwangu, na mambo mawili yalibadilika. Kwanza, hakukuwa na mtu wa kuniambia nikalie mikono. Pili, kazi zilikuwa nyingi, basi nikaanza kubandika utepe wa karatasi juu ya kila mashine na kuandika kwa kalamu nene kazi inayotakiwa. SKRINI. CHAJA. VIRUSI. Na ile nyingine mnaijua.

Sasa ndiyo siku yenyewe.

Alikuja saa tano na kitu asubuhi, mwanamke wa miaka kama thelathini na tano, sweta nzito ya baridi ya Elburgon, kikapu mkononi. Ndani ya kikapu kulikuwa na laptop, wazi, kifuniko kimesimama, na mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya kikapu. Nilidhani amekatika kidole. Kumbe alikuwa akiigusagusa. Alikuwa amesafiri kutoka Elburgon hadi Nakuru akiigusa kwa kidole kila dakika chache, ili isilale.

"Fundi, habari," alisema. "Nimeskia unaweza fanya laptop ikue inajifungua yenyewe."

"Naweza. Ni yako?"

"Ni ya Baba Chebet. Mimi ni Mama Chebet. Yeye ni dereva wa lori ya mbao, ameenda Lodwar leo asubuhi. Alinifungulia kabla hajatoka, akaniambia nisiifunge. Sasa kuna fomu ya kazi, ya walimu wa nursery, inafungwa leo saa kumi na moja. Vyeti zangu zote ziko hapa ndani. Nimejaza nusu. Nataka unifanyie hiyo kitu, alafu nimalize nitume hapa hapa kwako, kwetu network ni shida."

Baadaye nilijua kwamba alikuwa amefundisha watoto wadogo miaka sita katika shule ya kanisa bila barua ya ajira, na kwamba nafasi kama zile zilikuwa hazijatangazwa kwa muda mrefu. Lakini hata kama singejua hayo, alikuwa ameniambia ya kutosha. Saa kumi na moja. Alilisema waziwazi. Mimi nilikuwa na mashine nne mezani na moja ilikuwa ikitoa moshi kidogo. Nilisikia "jifungua yenyewe," nikasema sawa sawa, nikaitoa laptop kwenye kikapu, na kwa mazoea ya fundi nikaifunga ili niipindue nisome kibandiko cha chini.

Alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyekanyagwa.

Nikaifungua tena. Skrini ilikuwa imejifunga, picha ya mlima na kisanduku cheupe. "Hakuna shida," nikasema. "Password ni gani?"

Mama Chebet akaangalia chini.

Nilingoja kidogo, kadiri mtu wa aina yangu anavyoweza kungoja. "Password, mama."

"Ni ile," akasema polepole, "wakati ng'ombe wanarudi."

"Jioni?"

"Eeh. Jioni jioni hivi."

Niambieni nyinyi, mngeelewa nini? Mimi nilielewa kwamba mwenye neno la siri ni bwanake, bwanake yuko njiani, na atapatikana kwa simu jioni. Na sitawaficha, nilielewa na kitu kingine pia, kwa sababu aliangalia chini. Amri ya pili ya Mzee Salim ikanijia haraka. Ya kwanza haikuja. "Basi keti hapo kwa benchi, tungoje," nikamwambia. Nikakata utepe, nikaandika kazi, nikaubandika juu ya laptop, nikaiweka kando, nikarudi kwa ile ya moshi.

Saa nane akaja mlangoni. "Fundi, bado hujaweka?"

"Nitawekaje na ng'ombe hawajarudi?"

Akatabasamu, maskini. Alidhani nimemwelewa na ninamtania. "Si ni hiyo tu," akasema. "Andika."

"Nitaandika wakirudi, mama. Usijali."

Tabasamu likaondoka kidogo kidogo. Akaangalia mashine yake pale kando, akaangalia ule utepe, na akarudi kwenye benchi. Niliona akitoa simu, akiipiga, akiirudisha mfukoni. Bwanake alikuwa kule ambako simu haifiki. Kisha hakusogea tena. Nilimpita mara tatu nikienda kununua vifaa na mara zote alikuwa amekaa vile vile, magoti pamoja, kikapu tupu juu yake. Nilifikiri, huyu mama ana subira, laiti ningekuwa hivyo mimi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi nikilikumbuka, kwamba nilimwonea wivu.

Cherono, aliyekuwa akituuzia chai kwenye jengo letu, alipita kila siku baada ya saa kumi na moja kukusanya vikombe. Siku hiyo alipofika alimkuta Mama Chebet akijifuta macho kwa ncha ya sweta. Akainama akamsemesha kwa lugha yao. Walizungumza kwa muda, sauti za chini, kisha Cherono akasimama akaja moja kwa moja mezani kwangu.

"Kariuki. Huyu mama amekuambia password saa ngapi?"

"Hajaniambia. Amesema tungoje jioni."

"Amekuambia asubuhi. Amekuambia tena saa nane. Mtoto akizaliwa wakati ng'ombe wanarudi, kwetu anaitwa nani?"

Nikaweka bisibisi mezani.

"Kiprotich. Umekaa hii Nakuru miaka yote, umekunywa maziwa yangu ya mursik, na hujui Kiprotich ni nini? Hiyo ni jina ya baba mkwe wake. Bwanake aliweka password jina ya babake. Yeye hawezi taja."

Si wote wanaoshika desturi hiyo siku hizi. Mama Chebet aliishika. Tangu aolewe hakuwahi kulitamka jina la baba wa mumewe, na mume alipochagua neno la siri hakufikiria hilo hata kidogo, alifikiria tu jina ambalo yeye hatalisahau. Kila asubuhi alimfungulia mashine kisha akaenda kazini. Ndiyo sababu Mama Chebet alitaka ijifungue yenyewe. Sikuzote nilidhani watu wanaoomba kazi hiyo ni wavivu wa kuandika.

"Lakini si angeandika tu?" nikauliza. Bado nilitafuta pa kutokea.

Mama Chebet ndiye aliyenijibu, kutoka kwenye benchi. "Kuandika si ni kutaja na vidole?"

Nikachukua mashine. Nililiandika kwa herufi ndogo zote, maana mwanamume wa haraka namna ile hana muda wa kubonyeza herufi kubwa, hilo nilijua kwa kujijua mimi mwenyewe. Ikafunguka mara ya kwanza. Fomu yake ilikuwa pale pale, nusu imejazwa, na juu yake maandishi mekundu yakisema muda wa kutuma maombi umekwisha. Saa ya mashine ilisema kumi na moja na dakika kumi na tisa.

Nikabonyeza kuipakia upya. Nikabonyeza tena. Nilibonyeza labda mara kumi, nikazima mtandao na kuuwasha, nikajaribu kwa simu yangu. Nilitaka kufanya kitu, chochote. Niliona aibu. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi nilikuwa nimepiga magoti nikiyazoa kwa viganja.

"Wacha, fundi," Mama Chebet alisema. "Imefunga. Sasa niwekee tu ile kitu. Si nilikuja juu ya hiyo."

Nikaifanya. Dakika tatu. Niliifanya na ile ya kulala pia, nikaizima, nikaiwasha mbele yake, ikajifungua bila kuuliza. Nikamwambia tunaweza kubadilisha neno lenyewe, aweke analoweza kulitaja. Akakataa. Alisema ni mashine ya Baba Chebet, akirudi ataamua mwenyewe. Kisha akanyoosha kidole, kile kile alichoigusia njia nzima, akaubandua ule utepe juu ya kifuniko na kuniwekea mezani.

"Lakini si ungeniuliza kama nimeiba," akasema. "Ningekuambia."

Niliangalia utepe. WIZI, kwa kalamu nene, mwandiko wangu. Nikaanza kumweleza kuhusu netplwiz na Mzee Salim na utani wetu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoona jinsi maelezo yenyewe yalivyo ya kipumbavu. Alinisikiliza hadi mwisho. Alikuwa na adabu kuliko mimi.

"Kumbe," akasema. "Mimi niliona hiyo karatasi nikajua umeita polisi. Ningetoka nje niulize mtu yeyote anisaidie kutaja hiyo jina, wako wengi hapo stage ya matatu. Lakini niliogopa, nikitoka ungesema nimetoroka."

Akaweka mashine kikapuni, kifuniko kimefungwa safari hii, akaenda zake.

Jioni hiyo nilitupa kalamu nene. Lakini kutupa kalamu ni kazi ya mtu asiyejua afanye nini. Nilikuwa na namba yake ya simu kwenye kitabu cha kazi, na kuanzia hapo kila Jumatatu kabla sijafungua mashine ya mtu nilitafuta kama nafasi za walimu wa chekechea zimetangazwa. Wiki baada ya wiki, hakuna. Mke wangu aliniuliza kama nataka kuwa mwalimu wa chekechea, akaongeza kwamba watoto wangenifaa kwa sababu hata wao hawatulii.

Zilitangazwa mwaka uliofuata, mvua ndefu zikiisha. Nilimpigia asubuhi ile ile na kesho yake nikapanda Elburgon na mkoba wangu wa vifaa, bila kuitwa. Kama mnataka kujua, kazi aliipata, niseme mapema msisome roho ikiwa juu. Anafundisha hadi leo. Lakini wenzake waliotuma mwaka ule mwingine wako mbele yake kwa mwaka mmoja, na mwaka huo ni mimi niliyeuchukua. Huo ndio wizi pekee uliofanyika.

Nyumba yao ilinukia mbao mbichi. Baba Chebet alikuwa safarini tena. Sebuleni, karibu na jiko la makaa, alikaa mzee aliyevaa koti kubwa, aliyefanya kazi kwenye viwanda vya mbao maisha yake yote. Kidole chake cha shahada cha mkono wa kulia kilikuwa kimepunguzwa na msumeno. Alinipa mkono huo. "Mimi ni Kiprotich," akasema. Mama Chebet, niligundua, alikuwa ameshaingia jikoni kabla hajafika kwenye jina.

Alirudi na chai, akaiwasha mashine. Ikajifungua yenyewe. Akaniangalia kidogo tu, akaanza kujaza. Aliandika haraka, vizuri, jina lake, shule alizosoma, vyeti, miaka yake ya kufundisha, ambayo sasa ilikuwa saba. Kisha akaacha kuandika. Nilisogea nione. Fomu iliuliza jina la mwenzi wa ndoa, majina yote matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho. Alikuwa ameandika Weldon. Alikuwa ameandika Kimutai. Kishale kilikuwa kikimetameta mahali pa jina la tatu.

Mkono wangu ulikuwa umeshatoka mfukoni. "Niandike?" nikauliza, na nilikuwa tayari nimeinama.

Mama Chebet aliinua mashine kwa mikono miwili, akaiweka juu ya stuli mbele ya mzee, akageuza skrini imtazame, akarudi nyuma hadi mlango wa jikoni akasimama hapo, uso umeelekea nje.

Mzee akatoa miwani kwenye koti. Akasoma yale majina mawili ya mwanawe kwa sauti ndogo, akafika mwisho wa mstari, akaelewa kabla yangu. "Ni mimi natafutwa hapa?"

"Ndiyo, Mzee."

"Nilisikia jina langu lilimfungia huyu mtoto mlango mwaka jana."

"Si jina, Mzee. Ni mimi."

Aliniangalia juu ya miwani, kisha akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepokea salamu. Akanyoosha kidole cha kati, kile kilichobaki kizima, akaanza kutafuta K. Aliitafuta safu ya juu, akaitafuta safu ya chini. Akaipata, akaibonyeza kwa nguvu. Akatafuta I. Akatafuta P. Mlangoni Mama Chebet hakugeuka, na kwenye jiko chai iliyobaki ilianza kuchemka upya bila mtu wa kuiondoa.

"Sasa R," mzee akajiambia. "R iko wapi?"

Ilikuwa pale juu, kati ya E na T, nusu kiganja kutoka kwenye kidole chake. Niliiona tangu mwanzo. Muda wa kutuma ulikuwa umebaki siku tisa. Nikavuta kiti, nikakaa, nikakalia mikono.